Takwimu ya wanawake 43 kati ya 100 ilikotoka

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vidonge vya kuamsha hamu ya tendo la ndoa kwa wanawake imerudia kwamba 43 kati ya kila wanawake 100 wana kasoro inayohitaji tiba. Mngetuambia na takwimu hiyo ilikotoka.

Ilichapishwa Marekani mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya Viagra kuingia sokoni, kutokana na dodoso la 1992. Wanawake waliulizwa kama katika mwaka uliopita walipitia miezi kadhaa ya kukosa hamu, kupata maumivu, kuwa na wasiwasi na mengineyo. Kama hali hiyo iliwakera, hakuna aliyewauliza. Aliyejifungua juzi, anayeuguza mzazi, aliyeolewa na mtu asiyemsemesha mchana kutwa kisha usiku anamkumbuka: wote kapu moja. Watafiti wawili walikuwa na uhusiano na Pfizer, mtengenezaji wa Viagra.

Ugonjwa ulipopata idadi, dawa ikatafutwa. Flibanserini ilianza kutafitiwa kama dawa ya sonona, ikashindwa, ikageuzwa dawa ya hamu. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliikataa mwaka 2010 na tena 2013. Ndipo ikazuka kampeni, mwenye dawa akiwa miongoni mwa wafadhili, ikidai kuwa wanaume wana dawa zao, wanawake hawana, basi wakaguzi wanabagua. Hapo ndipo nilipoudhika. Mimi ni mwanamke, na neno usawa limetugharimu mno kuliona likibandikwa kwenye kichupa. Agosti 2015 dawa ikaidhinishwa; siku mbili baadaye ikatangazwa kwamba kampuni yenye dawa hiyo inauzwa kwa takriban dola bilioni 1.

Na faida yake? Unameza kila siku, na ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa, unapata tendo la kuridhisha nusu hadi moja zaidi kwa mwezi. Ukinywa pombe, shinikizo la damu linaweza kushuka hadi uzirai. Kabla ya idhini, hatari hiyo ilipimwa kwa watu 25, wanaume 23. Usawa wenyewe huo!

Wapo wanaoteseka kweli, kwa maumivu, kukoma hedhi, au dawa za sonona zenyewe zinazozima hamu. Hao wanahitaji daktari mwenye muda wa kuwasikiliza.

Mkiandika tena, tafadhali mtaje kama mtaalamu mnayemnukuu analipwa na mtengenezaji.

Msomaji wenu wa siku nyingi