Mwambie muuzaji asiiwashe

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Uru aliingia gerejini kwetu Majengo, Moshi, akisukuma pikipiki aina ya Boxer, nyekundu, safi, inang'aa kama imetoka dukani juzi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwalimu. Imegoma?"

Aliinunua Jumamosi jioni, na mbele yake iliwaka kwa kiki moja. Jumatatu alfajiri akapiga kiki mpaka jasho likamtoka, na baridi ya Uru mwezi wa saba mnaijua. Nikamuuliza kitu kimoja tu: ulipofika kuiangalia, uligusa injini? Hakugusa. Angegusa, mkono ungemwambia kwamba muuzaji alikuwa ameshaizungusha mtaa mzima kabla mteja hajafika.

Injini iliyochoka ikipata moto inajifanya nzima. Oili imeshafika kila mahali, vyuma vimetanuka, petroli inageuka mvuke bila shida. Ikilala ikapoa ndipo inasema ukweli: ringi zimelika, mgandamizo unavuja, cheche inapiga lakini mchanganyiko hauna nguvu ya kuwaka. Kwa hiyo kama hii ndiyo pikipiki yako ya kwanza na unaitafuta iliyotumika, ikague asubuhi, na kabla ya salamu kuisha weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, waambie utarudi kesho.

Ikiwa ya baridi, usiiwashe bado. Zima swichi, kanyaga kiki taratibu. Kuna mahali itakukatalia, kama mguu umeingia kwenye tope zito, halafu itaachia. Huo ukinzani ndio uzima wa injini. Kiki ikishuka laini hadi chini kama pedali ya baiskeli iliyochomoka cheni, ringi au valvu zimekwisha, na hapo unazungumzia kufungua injini. Mwalimu wetu ilimkuta hiyo.

Sasa washa, nenda nyuma, angalia bomba. Sisi wa Moshi tusishindwe kusoma moshi. Mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika chache asubuhi ya baridi ni maji tu, usiogope. Mweusi ni petroli inayozidi. Mara nyingi chujio la hewa limeziba vumbi au kabureta haijapangwa, na hilo halina gharama ya kutisha. Wa bluu ndio mbaya. Ukitoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukakatika, sili za valvu zimechoka. Ukiendelea kila unapovuta mafuta, injini inakunywa oili. Ila ukipewa Yamaha DT 125 ya zamani usimgombeze mwenyewe: ile ni injini ya mipigo miwili, inachoma oili kwa kuumbwa kwake.

Fungua na kifuniko cha oili. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Vumbi linalometameta ni chuma kinachosagika ndani. Oili nzito kama asali, ya kupita kiasi, nayo iulizie, kwa sababu kuna watu huimimina ili kelele za injini zilale mpaka hela zihame mfuko.

Mita ya kilomita msiipe heshima kubwa. Waya wake unachomolewa kwa mkono, dakika moja. Bodaboda anayepiga kilomita 100 kwa siku, siku 300, amemaliza 30,000 kwa mwaka, halafu unaonyeshwa pikipiki ya miaka mitatu yenye 18,000 na unaambiwa ilikuwa ya mzee wa kanisa. Mimi huangalia raba ya kukanyagia na kanyagio la gia. Vikiwa vimelika hadi chuma, mzee huyo alikuwa na abiria wengi.

Kuna jambo ambalo wanaonunua pikipiki kutoka huku kwetu hulisahau: hizi ni pikipiki za mlimani. Zimepanda Kibosho na Marangu na watu wawili nyuma, zimeshusha mikungu ya ndizi hadi Mbuyuni, na nyingi zimeshuka frii, injini imezimwa ili kuokoa petroli, breki ndiyo inabeba kila kitu. Kwa hiyo chuchumaa gurudumu la nyuma. Angalia nati ya kurekebishia breki: ikiwa imekazwa mpaka mwisho wa kijiti chake, breki shuu zimekwisha, na huenda habu nayo imelika. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia kama kengele, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, ni beringi, au bushi za ule mkono wa chuma unaolishika. Halafu vuta cheni kwa nyuma kwenye sproketi: ikiinuka mpaka uone nusu ya jino, cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja. Ukifunga cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka, utarudi kwetu mapema kuliko unavyopenda.

Simama hatua tano nyuma yake uone kama tairi mbili ziko kwenye mstari mmoja. Alama ya kuchomelea kwenye fremu, hasa shingoni, mimi sijadili bei. Naaga.

Makaratasi sasa, na hapa sina haya kusema: pikipiki yangu ya kwanza niliinunua kwa kopi ya kadi ya usajili. Mwenye mali alikuja kuichukua ikiwa na tairi mbili mpya nilizomfungia mimi. Aliyeniuzia alikuwa dereva wa mkataba, bado anapeleka hesabu kwa mwenye mali, pikipiki haijawa yake. Nyingine ziko kwenye mkopo na kadi imeshikwa na mkopeshaji. Kwa hiyo bila kadi halisi hela isitoke mfukoni. Chukua kitambaa chenye petroli, futa namba ya chesesi shingoni karibu na usukani, futa na ya injini, zilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Mahali palipopigwa jiwe la kusagia chuma au namba zilizokaa upande, ondoka. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Angalia pia deni la faini kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani. Na kubadilisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato, mwende wote wawili, mkataba wa mauziano mkononi, TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, ikiwa tayari. "Tutabadilisha baadaye" ni maneno ya mtu ambaye simu yake haitapatikana.

Kuhusu aina, kwa anayeanza nashauri Boxer au TVS. Si kwamba haziharibiki. Spea zake zipo kila kona, hata Himo na Bomang'ombe, na karibu kila fundi amezifungua. Na usimalize hela zote kwenye kununua. Bakiza ya oili, cheni, breki, bima, na kofia ngumu mbili.

Kama hujiamini, kazi ya kukagua tunaifanya sisi. Inachukua kama saa moja, tunaendesha hadi kwenye mlima mmoja na kurudi, unapewa karatasi yenye kila tulichokuta na makisio ya spea. Malipo yake hayafiki bei ya tairi moja, na ukighairi kununua unalipa hayo hayo. Tunafungua saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Muuzaji akiwa karibu, aisukume mpaka hapa. Akiwa mbali tunakufuata aliko, ila mpigie usiku wa kuamkia siku hiyo umwambie asiiwashe mpaka tufike.