Barua pepe za ofisini zishikiliwe kidogo kabla ya kuondoka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie waraka ambao ofisi nyingi, za umma na za binafsi, huusambaza kila barua pepe inapomfikia mtu asiyehusika. Watumishi hukumbushwa kuwa makini, kusoma mara mbili kabla ya kutuma, na kwamba atakayekiuka atachukuliwa hatua. Haupiti muda mrefu kosa linajirudia, na anayelifanya safari hii ni mtumishi mwingine ambaye waraka ule aliusoma na kuusaini. Kwa maoni yangu, jambo hili haliwezi kuachiwa umakini wa mtu anayejibu barua huku simu inaita na bosi amesimama mlangoni. Linapaswa kupangwa kwenye mfumo, na programu tunazozitumia kila siku tayari zinao uwezo huo.

Katika Gmail, mtumiaji anaweza kuchagua barua yake isubiri sekunde 5, 10, 20 au 30, na ndani ya muda huo akaisitisha. Asiyegusa mipangilio hubaki na sekunde 5, ambazo hazitoshi hata kuyapitia majina ya wapokeaji. Outlook ya kawaida ya kwenye kompyuta (classic, si ile mpya) huruhusu kuweka kanuni inayoshikilia kila barua inayotoka kwa muda wa hadi dakika 120, isipokuwa zile zilizotiwa alama ya umuhimu mkubwa. Dakika 2 zinatosha kabisa, kwa sababu, kama kila karani ajuavyo, macho ya mwandishi hufunguka mara tu baada ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Ila kanuni hiyo huhitaji programu ibaki wazi, kwa hiyo anayezima kompyuta saa tisa na nusu kamili ili awahi daladala ataikuta barua yake kesho bado haijaondoka.

Wapo wanaotegemea kitufe cha Outlook cha kuirudisha barua iliyokwisha kutumwa. Kitufe hicho husaidia pale tu mpokeaji anapokuwa ndani ya mfumo mmoja na mtumaji. Mtu wa nje huweza kupata ujumbe wa pili unaomwarifu kwamba mtumaji anataka kuirudisha barua ya kwanza, na sijui njia nyingine nzuri kama hiyo ya kumfanya aifungue haraka.

Kusahau kiambatisho ni kosa dogo, nalo lina dawa nyepesi. Thunderbird, programu isiyolipiwa, hukagua maneno ya barua na kumkumbusha mwandishi pale anapotaja kiambatisho ambacho hakukiweka. Orodha ya maneno hayo inaweza kuongezwa na mtumiaji, hivyo anayeandika Kiswahili aingize “nimeambatisha”, “kiambatisho” na “kiambatanisho”, naye atakumbushwa kama wengine.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanika anwani za watu. Nimewahi kuona wito wa usaili uliotumwa kwa waombaji kazi wote kwa pamoja, anwani zao zikiwa wazi juu ya barua, na kabla ya siku ya usaili kila mmoja alikwisha kujua anashindana na nani, wakiwamo watu waliokuwa bado wameajiriwa kwingine na wasiotaka mwajiri wao ajue. Nchini Uingereza, Septemba 2021, Wizara ya Ulinzi iliwaandikia kwa namna hiyo hiyo Waafghani waliokuwa wakisubiri kuhamishwa baada ya Taliban kutwaa madaraka. Taarifa za watu 245 zilionekana na wapokeaji wote, wawili wakawajibu wote, na mmoja wao akataja mahali alipo. Desemba 2023 wizara hiyo ilipigwa faini ya pauni 350,000. Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anwani ya barua pepe ya mwombaji kazi ni taarifa yake binafsi.

Ushauri wa kila siku ni kutumia nakala fiche (Bcc), inayoficha anwani za wapokeaji wasionane, lakini huko ni kurudi kule kule kwenye umakini, kwa kuwa visanduku vya anwani vimepangwa jirani. Afadhali barua iunganishwe na orodha ya majina, kama makatibu muhtasi wanavyofanya wanapochapa barua za mwaliko, ili kila mtu apate yake peke yake. Msimamizi wa mfumo naye aweke ukomo wa idadi ya wapokeaji kwa barua moja, ili anayetaka kuandikia watu 200 kwa mkupuo alazimike kupita njia hiyo.

Ninaviomba vitengo vya TEHAMA visimwachie kila mtumishi ajipangie mwenyewe. Kompyuta mpya ikabidhiwe ikiwa na kanuni ya kuchelewesha tayari, na kwa kuwa kanuni hiyo haigusi barua zinazotumwa kwa simu, barua zinazokwenda kwa watu wengi zitumwe kwa kompyuta ya ofisini tu.

Katibu muhtasi,
Dodoma