Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: pimeni masikio kabla ya kumbukumbu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa ajili ya wazee wetu wanaopelekwa hospitali kwa kuwa "wameanza kusahau". Ombi langu ni moja: mzee asipimwe kumbukumbu kabla hajapimwa masikio.

Kipimo cha kumbukumbu na akili kinachotumika sana duniani, MoCA, kina alama 30, na anayepata chini ya 26 huhitaji uchunguzi zaidi. Sehemu kubwa ya kipimo hicho hupitia masikioni. Mzee husomewa maneno matano, kisha baadaye huulizwa ayataje. Husomewa tarakimu na sentensi azirudie. Neno ambalo halikumfikia atalikumbukaje?

Nimeyaona kwa mamangu mkubwa. Chumba kiko kando ya barabara, panka linavuma, tuktuk zinapiga honi, na muuguzi amevaa barakoa, macho yako kwenye karatasi. Alipoona hajibiwi akapaza sauti. Lakini uzeeni sauti zinazopotea mwanzo ni zile nyembamba, za s, f na t, na ukelele hauzirudishi. Mama akawa anaitikia "naam, naam" kwa adabu tu. Ikaandikwa kwamba amechanganyikiwa. Simlaumu muuguzi yule, maana foleni ilikuwa ndefu na hakuwa na kifaa chochote cha kumsaidia.

Masikio yanahitaji kuangaliwa hata kwa yule ambaye kweli ameanza kusahau. Jopo la jarida la tiba la Lancet, mwaka 2020 na tena 2024, lilitaja upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, na ambayo yanaweza kushughulikiwa.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha MoCA ya watu wasiosikia vizuri, ambapo maelekezo na maswali huonyeshwa kwa macho badala ya kusomwa. Ni hatua kubwa, ila kwetu maandishi peke yake hayatatosha. Mabibi wengi wa Mji wa Kale walisoma chuo cha Kurani. Msahafu wanausoma vizuri, lakini herufi za Kizungu hawakufundishwa. Ukimpa bibi kama huyo karatasi, umemfelisha mara ya pili. Kwa hivyo ziwepo picha, na Kiswahili cha kipimo hicho kijaribiwe kwa wazee wa hapa hapa kabla hakijatumika.

Hayo yatachukua muda. Yasiyohitaji kusubiri ni haya: taa ya kuangalia ndani ya sikio katika kila zahanati, kwani wengine wamezibwa na nta tu; kikuza sauti kidogo chenye vipokea sauti vya masikioni; chumba kilichotulia; na muuguzi akae uso kwa uso na mzee, midomo yake ionekane. Kwenye fomu pia iandikwe kama mzee alikuwa anasikia siku aliyopimwa.

Tangu 2013 huduma hizi ziko mikononi mwa kaunti, na Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima. Tunaomba utujibu hadharani, utuambie ni zahanati zipi zitaanza, na lini.

Wako,
Mkaazi wa Kibokoni, Mombasa