Barua kwa mwanangu Zuhura: jiko lisilale ndani

Mwanga, Kigoma
Juni

Mwanangu Zuhura,

Salamu utazikuta mwishoni. Kwanza nijibu hili: jana usiku jiko lililala wapi?

Uliniambia kwenye simu, tena kwa kicheko, kwamba Tabora mwezi huu kuna baridi ya kukunja vidole, na kwamba ukishapika uani jioni unaliingiza jiko chumbani likupashie hewa mpaka usingizi ukuchukue. Nilipoanza kusema ukanikata: "Mama, moshi unakuwa umeshaisha bwana." Halafu simu ikakatika. Salio liliisha au ulikata, hilo unalijua wewe. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Karatasi huwezi kuikatia maneno.

Moshi kuisha ndiyo hatari yenyewe. Moshi una adabu, unakukohoza, unakutoa machozi, unakufukuza chumbani. Kile kinachobaki mkaa ukishakolea ukawa mwekundu hakina rangi wala harufu. Hakikufukuzi. Kinakubembeleza.

Unajua nimefanya nini baada ya ile simu? Nimefungua sanduku lako la bati, lile la bweni, nikatoa daftari lako la kemia la kidato cha tatu. Mwandiko wa kunguru, tena Kiingereza kitupu, nikamwita Issa anisomee na kunifasiria. Umeandika wewe mwenyewe kwamba kaboni ikiungua pasipo oksijeni ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, na kwamba hewa hiyo huishika damu kwa nguvu kupita oksijeni, zaidi ya mara 200. Mwalimu wako kakuwekea vema nyekundu pembeni. Leo ni wewe unayeweka vema kwenye madaftari ya watoto wa watu, na nikipita sokoni wananiita Mama Mwalimu, naitika kwa shingo ndefu. Kisha mwalimu huyo huyo wa kemia usiku anajifungia na jiko.

Tena ulisema Jumatatu uliamka na kichwa kizito mpaka kipindi cha tatu. Ukasingizia vumbi la chaki. Zuhura, chaki gani hiyo ya kumgonga mtu kichwa saa kumi na moja alfajiri kabla hajafika shule? Kichwa kugonga, kichefuchefu, miguu kulegea, mtu hudhani malaria, humeza vidonge akajifunika blanketi zaidi, na jiko lipo pale pale. Siku ukijisikia hivyo usikae kutafakari. Toka nje kwanza. Mambo ya jiko baadaye. Halafu nenda hospitali ya Kitete uwaambie waziwazi kwamba ulilala na jiko la mkaa, usiwaache wakupime malaria peke yake.

Sasa chumba chenyewe. Ile picha uliyotuma ili nione pazia lako jipya, pazia nimeliona, ni zuri. Lakini mimi nimeonyesha watu nyumba miaka kumi na tisa, jicho langu halikai kwenye pazia. Nyuma yake kuna dirisha moja tu, na dirisha hilo linatazama ukuta wa jirani, umbali wa mkono. Na juu ya dirisha pale penye matofali ya matundu umeweka gazeti. Nimelikuza kwenye simu ya Issa, ni gazeti. Litoe leo. Najua upepo wa Tabora unapita kwenye yale matundu kama umetumwa, ninyi mko juu huko, sisi huku ziwa linatuhifadhia joto. Lakini yale matundu fundi hakuyaweka kwa urembo. Baridi ina dawa zake: blanketi zito, soksi, mkeka na maboksi chini ya godoro, maana baridi kubwa inatoka kwenye sakafu ya saruji kuliko hewani. Chupa ya maji ya moto izungushie kitenge uiweke miguuni. Mbona bibi yako analala hivyo na hajawahi kulalamika, au analalamika lakini si kwa baridi.

Huyo dalali aliyekupa chumba hicho Isevya, alikuonyesha saa ngapi? Najua, jioni. Chumba chenye kasoro huonyeshwa jioni, taa imewashwa, mlango wazi, na dalali anasimama mahali anapotaka usipatazame. Anakwambia "pazia likikaa hapa patapendeza." Maneno hayo nayajua kwa sababu nimeyasema.

Unakumbuka ile masika niliyokaa nyumbani mwezi mzima bila kwenda kijiweni, ukaniuliza, nikakwambia mgongo? Mgongo ulikuwa mzima. Kulikuwa na kijana mmoja fundi cherehani, nilimpatia chumba, nikachukua mwezi wangu wa udalali kama kawaida. Chumba kilikuwa na dirisha, ila mwenye nyumba alikuwa amejenga stoo nyuma yake, matofali yamegusa nondo. Niliona. Nikasema lile neno la pazia. Usiku wa mvua akaingiza maharage yake ndani yachemke taratibu mpaka asubuhi, mlango kafunga, chini ya mlango kaweka gunia maji yasiingie. Majirani walivunja mlango alfajiri kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua na yeye haitiki. Hakufa, Mungu mkubwa. Ila mikono yake haikurudi ilivyokuwa, uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano, akarudi kwao Kasulu. Ile hela ya udalali tulinunulia sare yako ya kidato cha kwanza na viatu.

Basi. Jiko lisilale ndani.

Na wala usiniambie "mbona na sisi tulikuwa tunalala nalo." Najua tulilala nalo. Ulipozaliwa nilitolewa nje siku ya saba, nikarudishwa ndani na jiko la kuwapasha mama na mtoto, na hakuna aliyefikiri. Paa lilikuwa la nyasi, linapumua. Nyumba za sasa za bati na dari ya jipsam hazipumui.

Nunua gesi. Mtungi mdogo wa kilo 6 unatosha mtu mmoja. Usisubiri mshahara wa mwezi ujao, nitakutumia nusu. Ila nayo ina masharti yake, na ni kinyume cha mkaa: gesi ya mtungi ina harufu waliyoitia makusudi, na ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni kama maji. Kwa hiyo ukisikia harufu usiwashe taa wala usizime, usichomoe chaja, funga mtungi, fungua mlango, fagia hewa itoke chini. Ukiunganisha mpira paka povu la sabuni kwenye kiungo, likitoa mapovu kaza upya. Usipime kwa kiberiti. Ndiyo, wapo wanaopima kwa kiberiti, nimewaona, wana shahada.

Kwenye picha ile ile, fremu ya mlango upande wa kushoto ina mistari ya udongo inayopanda juu. Si uchafu wa mpangaji aliyetoka. Huo ni mchwa, na Tabora ni nchi ya mchwa, vichuguu umeviona njiani tangu Kaliua. Ukikwangua mistari tu utakuwa umemsumbua, hajaondoka. Fuata mstari mpaka unapotokea ardhini, hapo ndipo dawa inamwagwa. Mwambie mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi, si kwa mdomo, ili siku fremu ikianguka isiwe umeiangusha wewe. Kabati usiligusishe ukutani, liache nafasi ya kupitisha ufagio, miguu yake iwe juu ya vipande vya tofali na uipake oili chafu. Yale maboksi ya vitabu yaondoe sakafuni kabisa. Mchwa haulizi kama ni vitabu vya serikali.

Rangi inayobanduka chini ya ukuta, kimo cha goti, usiipake upya sasa hivi hata akikupa rangi ya bure. Ni unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Ikwangue, kiangazi hiki ukuta ukauke, na utazame maji ya kuogea ya wapangaji wenzako yanaelekea wapi. Kama yanatuama nyuma ya chumba chako, rangi ni kazi bure. Mfereji wa kina cha kiganja unatosha, na mvua za Novemba zisikukute hujauchimba. Watu huku wamenunua nyumba bonde la Katubuka wakati wa kiangazi wakifurahia bei, masika ikawaonyesha kwa nini ilikuwa rahisi. Wengine sikuwauzia mimi.

Luku. Mnatumia mita moja wapangaji wangapi? Hukuniambia. Kila mwezi ukinunua umeme inakatwa kodi ya jengo, siku hizi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, si yako. Mnaweka risiti, mnakubaliana ipunguzwe kwenye pango. Si hela nyingi, lakini mwenye nyumba akishaona hujui hesabu ndogo atakuja na kubwa. Mkataba uwe umeandikwa, miezi sita uliyolipa itajwe, na siku ya kuhamia piga picha kila ufa. Soketi inayotoa cheche usimwite kishoka wa mtaani kwa sababu ni rahisi. Ile uliyoizungushia gundi ya plasta nimeiona pia.

Umeshakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kujitambulisha? Na balozi? Usiseme nyumba ya kupanga haina haja. Unaishi peke yako, kama usiku mmoja hukuamka nani atajua? Yule fundi cherehani alipona kwa sababu ya maharage na jirani mwenye pua. Mama wa chumba cha pili, yule uliyesema anapenda maneno, kaa naye vizuri. Mtu mwenye maneno ndiye anayegundua mlango haujafunguliwa saa mbili asubuhi. Mpelekee dagaa kidogo kutoka kwenye kifurushi ninachokutumia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtaa ukitoka kwa usafi, toka na wewe, hata kama umesahihisha mitihani usiku kucha. Watu wakikuona na ufagio mara moja watakuita mwalimu wetu.

Baba yako kasoma mpaka hapa akasema nimezidisha, mtoto ni mtu mzima, ana kazi. Nikamwambia ndiyo, na chumba kimekwisha kupangwa bila mimi, mama dalali, kuulizwa. Ningekuja na basi siku moja, siku mbili, nikakuchagulia. Ulitaka kufanya mwenyewe. Umefanya, na kwa mtu wa mara ya kwanza hukukosea sana: uko karibu na shule, maji yanatoka, choo ni kisafi, mlango una kitasa cha maana. Wateja wangu wengine wenye nywele nyeupe hawachagui hivyo. Ila dirisha.

Huku tupo. Bibi yako miguu inamuuma lakini kwenye harusi ya Gungu alicheza, na kesho yake akasema tumemchosha. Salamu zake nyingi. Issa anataka hela ya mtihani, nimempa nusu, nusu kaambiwa akuombe, kwa hiyo akikupigia usishangae. Bati la jikoni limetoboka pale pale pa mwaka jana. Fundi aliyepiga msumari bila mpira nimemkataza asipite hata mbele ya nyumba.

Kifurushi kinakuja na basi la Alhamisi, litapita Uvinza na Urambo, mtume mtu stendi mapema. Dagaa nimewapepeta mwenyewe, hawana mchanga. Mgebuka mkavu ni watatu, wa nne bibi kamtoa akasema watatu wanatosha. Blanketi liko chini kabisa, ni lile zito la baba yako, anadhani liko kabatini. Ukilipokea piga picha ya dirisha, gazeti likiwa limetoka, na ya jiko likiwa nje usiku. Ya usiku, Zuhura, nione giza nyuma yake.

Mawese yamo kwenye ndoo ya mama mkubwa. Ndoo irudi, na kifuniko chake.

Mama yako