Taa Nyekundu ya Dainamo

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata kwa dada yako, marahaba. Ameniambia umeshaamua: Jumamosi unatoka Dar kuja Iringa na Volkswagen, basi hutaki. Sawa, gari nilikupa mwenyewe. Ila taa nyekundu ya dainamo pale kwenye dashibodi ikiwaka, simama. Hata uwe katikati ya mlima Kitonga na malori yanakupigia honi, simama.

Nasikia fundi wako anasema halichemki kwa kuwa halina rejeta. Maji ni kweli halina. Linapozwa na upepo, na feni ya upepo huo inazungushwa na belti ileile ya dainamo. Belti ikikatika taa ndiyo huwaka, na ukiendelea kukanyaga mafuta, injini imenoki. Silinda ya tatu ndiyo hutangulia, maana ndiyo inayopata hewa kidogo.

Belti ya akiba iko mbele kwenye buti, na spana namba 21. Hiyo spana usimwazime mtu. Belti ikilegea, toa washa moja, kile kibati cha duara, katikati ya puli, uirudishe nje chini ya nati, usiitupe. Ukibonyeza kwa kidole gumba ishuke kama sentimita moja na nusu. Nilikufundisha, ila ulikuwa unashika tochi huku unatazama barabarani. Hata hivyo kati yenu wote ni wewe tu uliyewahi kuniuliza lolote kuhusu gari lile.

Mimi lilinishika tangu utotoni, Volkswagen iliposhinda Safari Rally mwaka 1962. Kwa hiyo nilijiona najua. Ile injini ya kwanza, niliyokuwa nawaambia iliuawa na fundi wa Morogoro... Mama yako aliiona taa kabla yangu. Nikamwambia ni waya tu. Hajawahi kunisema mbele yenu, na fundi wa watu nilimdai hela.

Ukifika Ruaha Mbuyuni mnunulie mama yako vitunguu, nusu gunia, bei ya kwanza usikubali. Zima injini wakati mnapatana, ipumue kabla ya mlima, kisha ufungue nyuma uishike belti. Oili pia upime. Inabeba lita mbili na nusu tu.

Bati la jikoni linavuja tena. Mdogo wako anasema atapanda, tangu Pasaka anasema. Njoo na misumari ya bati, huku bei imepanda. Na usisafiri usiku, taa hiyo utadhani ni ya gari la mbele.

Baba yako