Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msiba Wenye Tarehe

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Waliojiunga nasi mwaka huu wakiwa na msiba mbichi nawapa pole kwanza, kabla ya lolote. Taarifa hii inahusu mwaka mzima wa kazi, lakini sehemu kubwa nitaitumia kwa jambo moja ambalo kamati imelijadili kwa miezi mingi na ambalo mtalipigia kura kwenye mkutano mkuu: kwamba chama chetu cha kuwafariji wafiwa wa kifo cha kusaidiwa kianze kuwa pamoja na familia tangu pale ndugu yao mgonjwa anapoomba kusaidiwa kufa, yaani apewe kihalali dawa ya kumaliza maisha yake, badala ya kusubiri hadi azikwe.

Nianze na sheria, maana ndiyo inayoamua nani atatugongea mlango. Tarehe 3 Novemba 2025 sheria ya kusaidiwa kufa ya Canberra na eneo lake ilianza kutumika. Sasa majimbo yote sita ya Australia yana sheria hii, pamoja na mji mkuu. Victoria ilitangulia Juni 2019, na New South Wales ikawa ya mwisho kati ya majimbo, Novemba 2023. Limebaki Eneo la Kaskazini peke yake, na hilo linauma, kwa sababu huko ndiko sheria ya kwanza ilikotumika, mwaka 1996, kabla Bunge la Shirikisho halijaizima mwaka uliofuata. Familia zinazotupigia simu kutoka huko zina majonzi ya namna yake: mgonjwa wao alitaka, akafa bila kupata. Hao nao ni wetu, na naomba asiwepo mwanachama wa kuwauliza wanatafuta nini kwenye chama hiki.

Kwa mujibu wa sheria ya Victoria kama ilivyopitishwa mwaka 2017, mgonjwa awe na ugonjwa unaotarajiwa kumuua ndani ya miezi 6, au 12 ikiwa ni ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu. Madaktari wawili wamchunguze, kila mmoja kivyake. Naye arudie ombi lake mara tatu, moja likiwa la maandishi mbele ya mashahidi. Haya yote yapo kumlinda mgonjwa, na ni sawa yawepo. Kwa walio nyumbani, lakini, maana yake ni siku na wiki za kusubiri jambo ambalo hawajui waliombee lifike au lisifike. Anayemtakia mgonjwa apate kibali ndiye huyo huyo anayeogopa kukiona. Nimezungumza na mke aliyetoka nje kulia baada ya daktari wa pili kukubali, kisha akarudi ndani akaona haya kwa machozi yake, kwa sababu mumewe alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Halafu siku inapangwa. Hapo msiba wetu unaachana na misiba mingine. Kifo cha ugonjwa, hata kikitarajiwa, hujijia chenyewe. Hiki kina tarehe na saa, na kuna mtu lazima aiandike kwenye kalenda. Watoto watauliza kama waende shule siku hiyo. Bosi wa kazini ataomba ajulishwe unahitaji likizo ya kuanzia lini, na utajikuta unaomba ruhusa ya msiba wa mtu ambaye bado yuko jikoni anakunywa chai. Jioni ya mwisho mtu atauliza mle nini, na swali dogo kama hilo laweza kumwangusha mtu mzima aliyebeba miaka ya ugonjwa bila kuyumba.

Na katika nyumba hiyo hiyo kuna asiyekubali. Naomba tukae hapa kidogo, maana huyu ndiye tunayemfikia kwa shida kuliko wote. Kaka mmoja alifika siku yenyewe, akaegesha gari mbele ya nyumba ya dada yake, akabaki ndani ya gari na injini imezimwa mpaka shemeji yake alipotoka kumwambia imekwisha. Imani yake haikumruhusu kuingia, na mapenzi yake hayakumruhusu kubaki mbali. Alipokuja kwetu, miezi mingi baadaye, jambo lililomtesa halikuwa hoja ya sheria wala ya dini. Alitaka kujua kama dada yake alifahamu kwamba yupo pale nje. Chama hiki hakina msimamo wa kuunga mkono wala kupinga sheria, na hiyo ndiyo sababu yake. Tukichukua upande, mtu kama yule hatashuka garini.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui hadi liwakute ni dawa yenyewe. Victoria, mgonjwa anayeinywa mwenyewe huletewa ndani ya boksi lenye kufuli, na humteua mtu wa mawasiliano ambaye sheria inamtaka airudishe famasi dawa iliyobaki ndani ya siku 15 baada ya kifo. Mara nyingi anayeteuliwa ni mtoto au mwenzi wa ndoa. Binti mmoja alitueleza jinsi alivyopokea wageni wa msiba huku boksi likiwa kabatini, chumba cha pili, na jinsi alivyokuwa akiinuka kila mara kwenda kuhakikisha mlango umefungwa. Baba yake alikufa kwa ugonjwa kabla hajaigusa dawa. Hilo si ajabu: wapo wanaoipata na wasiitumie kabisa, wakaridhika kujua ipo. Familia zao hubaki na swali ambalo hakuna wa kuwajibia, kama alibadili nia au alikosa wakati. Nadhani tungewaambia mapema kwamba hali hiyo hutokea, wangelala vizuri zaidi.

Wanachama kadhaa wameniuliza kama kifo cha namna hii huwaumiza wanaobaki kuliko kifo kingine. Utafiti upo, na hausemi kitu kimoja. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walichapisha mwaka 2003 ulinganisho wa ndugu na marafiki 189 wa wagonjwa wa saratani waliokufa kwa kusaidiwa na daktari, na 316 wa waliokufa kwa ugonjwa wenyewe. Kundi la kwanza lilikuwa na dalili chache zaidi za majonzi mazito. Mwaka 2012 watafiti wa Uswisi waliwachunguza watu 85 waliokuwepo chumbani mpendwa wao alipokufa kwa kusaidiwa; takribani 13 kwa kila 100 walikuwa na dalili kamili za kiwewe, na 16 kwa kila 100 walikuwa na sonona. Mimi sioni kwamba tafiti hizi zinagombana. Uholanzi mazungumzo huanza mapema, mara nyingi na daktari wa familia anayewajua wote, na watafiti wenyewe walitaja nafasi ya kuagana. Uswisi kila kifo cha aina hii lazima maofisa waje kukichunguza pale pale, mwili ukiwa bado kitandani. Kinachotangulia kifo na kinachokifuata kwa saa chache, kwa maoni yangu, kinapima uzito wa msiba kuliko kifo chenyewe.

Kimya pia kinaumiza. Cheti cha kifo huandikwa ugonjwa aliokuwa nao marehemu, na familia nyingi hushukuru kwa hilo. Lakini ulinzi huo huleta siri: majirani wanaambiwa saratani, mtoto mdogo anaambiwa babu alilala, na anayejua yote hana pa kuyasemea. Kenneth Doka, mtaalamu wa majonzi wa Marekani, aliandika mwaka 1989 kuhusu majonzi ambayo jamii haiyapi nafasi, hivyo mfiwa anakosa hata haki ya kupewa pole. Wengi wenu mlipewa pole nusu: ya ugonjwa, si ya ile asubuhi. Kuhusu watoto, ushauri tunaoutoa haujabadilika: waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao, kabla, na na mtu wanayemwamini.

Ndipo azimio la kamati linapotoka. Tunapendekeza kila familia inayotaka ipewe msikilizaji mmoja tangu ombi la kwanza, na msikilizaji huyo huyo aendelee nao baada ya mazishi, pamoja na mwaka wa kwanza wenye siku zake ngumu. Tunapendekeza pia asiyekubali apewe msikilizaji wake mwenyewe, tofauti na wa familia. Kuna mpaka ambao hatutauvuka. Sheria ya Shirikisho inakataza kutumia simu au mtandao kuhimiza au kuelekeza mtu kujiua, na Novemba 2023 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba katazo hilo linagusa hata vifo hivi vilivyoruhusiwa na majimbo. Ndiyo maana mgonjwa wa kijijini hulazimika kusafirishwa akiwa hoi, au kungoja daktari amfuate, kwa mambo ambayo yangemalizwa kwa simu. Kwa hiyo wasikilizaji wetu huzungumza majonzi tu kwenye simu. Anayeuliza kuhusu dawa au utaratibu wake anaelekezwa kwa daktari wake na kwa waelekezi wa huduma wa jimbo lake. Naona katazo hili linazitesa familia zilizo mbali, na kama raia nimelisema hilo kwa mbunge wangu, lakini chama kitaliheshimu.

Fedha zetu zimetosha mwaka huu bila ziada ya kujivunia. Mweka hazina atawasomea hesabu. Wasikilizaji wetu wa kujitolea nawashukuru kwa moyo wangu wote, hasa mliopokea simu za usiku wa kuamkia siku yenyewe. Najua mlikaa na simu sikioni huku upande wa pili hakuna anayesema, na hamkukata.

Mkutano utaanza na azimio hili, kisha uchaguzi. Asiyeweza kufika amwandikie katibu jina la atakayepiga kura kwa niaba yake. Azimio likipita tutahitaji wasikilizaji zaidi, na mafunzo yataanza mara moja. Tunawaomba wale ambao msiba wao umetimiza angalau mwaka mmoja wajiandikishe kwanza. Ambao haujatimiza, tunawaomba mkae upande wa kusikilizwa kwa sasa.