Barua kwa kina mama vijana wa jumuiya yetu: Perpetua naye alikuwa ananyonyesha

Wanangu, tumsifu Yesu Kristo.

Jumapili nimemsikia mmoja wenu pale nje ya kanisa, mtoto begani, anamwambia mwenzie kuwa utakatifu ni wa masista, sisi wa nepi na uji tutausikia tu kwenye mahubiri. Limenikaa moyoni wiki nzima hilo neno, nikaona niwaandikie wote maana najua hayuko peke yake.

Mnamsikia padre kwenye Sala ya Ekaristi ya Kwanza akitaja watakatifu Felisita, Perpetua, Agata, Lusia, majina yanapita haraka kama mwalimu anaita rejista. Huyo Perpetua ni wa Karthago, Afrika hii hii, karibu na Tunis ya leo, aliuawa kwa ajili ya Ukristo wake mwaka 203 akiwa na miaka kama 22 na mtoto wa kiume bado yuko titini. Habari zake za gerezani aliandika mwenyewe, ndo maana zina vitu ambavyo mwanaume asingekumbuka kuviandika.

Anaeleza giza, joto, watu wamebanana, lakini kinachomla roho ni mtoto. Mashemasi wawili wakatoa hela kwa walinzi ili wafungwa wapate masaa machache sehemu yenye nafuu, na yeye masaa hayo anamnyonyesha mtoto ambaye kashalegea kwa njaa. Baadae wakamruhusu akae nae mle mle, anasema gereza likageuka ikulu. Halafu baada ya hukumu ya kutupiwa wanyama baba yake akagoma kumrudisha mtoto. Nyie mnajua maziwa yakijaa na mtoto hayupo inakuwaje, titi linakuwa jiwe, homa inapanda, mie nishawahi kukesha nalia na kitambaa cha maji ya moto kifuani. Perpetua kaandika kwamba Mungu alijalia, mtoto hakulitaka tena titi na yeye hakuvimba wala kuumwa. Mtu anasubiri kutupiwa wanyama na bado hilo la maziwa kalikumbuka, kila nikifika hapo nasimama kwanza.

Na wale mnaopingwa nyumbani kwa ajili ya imani, muangalieni na baba yake. Mzee hakuwa Mkristo, alimlilia, akambusu mikono. Binti akamuonyesha mtungi, huu unaweza kuitwa jina lingine? Basi na mimi siwezi kujiita kingine, ni Mkristo. Hakumtukana, alimuonea huruma uzee wake.

Felisita, mfungwa mwenzie, alikuwa mtumwa, mimba ya miezi nane, na sheria ya Roma ilikataza kumuua mjamzito. Wenzie wakasali ajifungue mapema ili wafe pamoja, uchungu ukamshika gerezani, mlinzi akamcheka, kama hapa unalia mbele ya wanyama utafanyaje? Akamjibu, sasa hivi naumia mimi, kule atakuwemo mwingine ndani yangu ataumia kwa ajili yangu. Akajifungua mtoto wa kike, dada mmoja Mkristo akamlea kama wake. Siku ya uwanjani hata ule umati ulishtuka kuona maziwa yanamchuruzika.

Kwa hiyo usiku mkiamka kunyonyesha, waiteni hao wawili kwa majina, wanaijua hiyo saa. Na tarehe 7 Machi ni siku yao, njooni misa na watoto, wakilia walie, mabenchi ya mbele nitawashikia mie, sitaki kumuona mtu kasimama nje na mtoto juani.

Bibi yenu wa jumuiya